Mabano ya mkata matawi

Mwezi wa saba, kusi inapovuma juu ya uwanda wa Wamakonde, ukiamka mapema utakuta matawi yamelala chini ya mikorosho. Hayakuanguka kwa uzee. Mengine bado yana majani, na pale yalipokatikia pamechongwa duara zima, kama penseli iliyotoka kwenye kichongeo. Mgeni atadhani kuna mtoto mtundu amepita usiku na panga. Mjomba wangu kule Tandahimba huliinua tawi, hulitazama kitako chake, halafu husema, "Amepita fundi."

Fundi huyo ni mbawakawa. Urefu wake ni kama sentimita 3. Kichwa na kifua ni kahawia iliyoiva hadi kukaribia weusi, mgongo una rangi ya chungwa yenye mabaka meusi yaliyoshikana kama wavu, na kichwani ana vipapasio virefu anavyovipepesa mbele kama kipofu na fimbo yake. Kwetu wengi humwita mkata matawi tu. Ukiwa na panga mkononi na msimu umekaribia, jina hilo linatosha. Kwenye vitabu vya wadudu anaandikwa Paranaleptes reticulata (Thomson, 1877).

Nimekuwa bibi shamba miaka mingi. Jina hilo nimeliandika kwenye ripoti sijui mara ngapi, na yale mabano nikiyanakili kama mtu anavyonakili nukta. Wala sikujiuliza huyo Thomson kafungiwa humo kwa kosa gani. Nilikuja kujiuliza baada ya kumwulia mjomba mikorosho miwili.

Ilikuwa mwaka wangu wa pili kazini, kichwa kimejaa vyeti. Mjomba akanipigia simu: mkorosho mkubwa ulio nyuma ya tanki la maji ya mvua unatoa gundi nyeusi shinani, na chini yake kuna ungaunga wa mbao. Nikamjibu papo hapo, bila kwenda kuona, kwamba ni yule yule fundi, sasa watoto wake wamehamia shinani. Okota matawi yote yaliyoanguka, choma. Mzee wa watu akaokota. Alichoma msimu mzima, na msimu uliofuata akachoma tena, na vijana akawalipa. Mkorosho ukafa. Wa pili, jirani yake, ukaanza kutoa gundi.

Ndipo nikaenda. Nikapiga magoti, nikabandua gome kwa kisu cha jikoni. Ndani kulikuwa na funza mweupe, mnene, amejikunja kama mwezi mchanga, kichwa cha kahawia, hana mguu hata mmoja. Moyo ukanishuka. Funza wa mkata matawi namjua: yeye ni mrefu, amenyooka, mpana upande wa kifua, mwembamba kwenda nyuma, na humkuti shinani. Hukaa kwenye tawi lile lile mama yake alilolikata. Huyu wa shinani alikuwa kifukusi wa mikorosho, Mecocorynus loripes. Mzazi wake ana mdomo mrefu kama mkonga na mwili wenye vinundu, rangi ya gome, hata akiwa mbele ya pua yako humwoni. Kwa kifukusi huyu, kuokota matawi ni kupoteza kuni. Dawa yake ni kubandua gome na kuwatoa funza mmoja mmoja, na mti uliokwisha kuzidiwa kuukata na kuuchoma kabla wakubwa hawajatoka kwenda kutafuta mti mwingine.

Nikamweleza mjomba. Akanyamaza kidogo, akatazama lile jivu lililobaki la misimu miwili.

"Kwa hiyo, mpwa wangu, muda wote huu nimemchoma mtu mwingine."

Hakunigombeza. Angenigombeza ingekuwa nafuu.

Nilirudi Mtwara mjini nikaanza kusoma upya, safari hii pole pole, na nikaanza na mabano. Kanuni yake ni nyepesi kuliko mambo mengi ya stakabadhi ghalani. Jina la spishi lina maneno mawili. La kwanza ni la jenasi, yaani nyumba anayoishi. La pili ni lake mwenyewe. Kisha hufuata jina la mtu aliyemwelezea kwanza kwa maandishi, na mwaka. Kama mdudu bado anaishi kwenye nyumba aliyowekwa siku ya kwanza, jina la mtu huandikwa hivi hivi, wazi. Akishahamishiwa jenasi nyingine, jina hilo hutiwa mabano. Basi. Mabano ni alama kwamba huyu alihama.

James Thomson alikuwa Mmarekani aliyeishi karne ya 19 na kukusanya mbawakawa kama wengine wanavyokusanya stempu. Yeye ndiye aliyemwelezea mkata matawi wetu mwaka 1877, lakini hakumweka hapa alipo leo. Nyumba ya Paranaleptes ilijengwa miaka ya 1930 na Stephan von Breuning wa Austria, mtu ambaye kazi hii aliifanya kwa mapenzi tu na bado akatoa majina kwa maelfu ya mbawakawa wa kundi hili moja. Wapo waliokuja nyuma yake wakayafuta baadhi, maana mtu akitoa majina kwa maelfu lazima mengine yaangukie kwa mdudu ambaye tayari ana jina. Hili la kwetu limesimama. Maana yake ni kama kusema "wa kando ya Analeptes."

Na Analeptes ni nani? Hapo ndipo nilipokaa kitako. Yuko Afrika ya Magharibi, Analeptes trifasciata (Fabricius, 1775), naye kwenye mabano. Ana mikanda mitatu mgongoni badala ya wavu. Kule Nigeria na Ghana hukata matawi ya mikorosho kwa mtindo ule ule: anazunguka tawi akilitafuna, anaacha kiini chembamba katikati, upepo unamalizia. Mayai hutagwa kwenye sehemu ya juu ya ule mkato, ile inayokufa, na funza hula mbao inayokauka isiyo tena na utomvu wa kuwasumbua. Mpaka atoke akiwa mkubwa, kwa huyu wa kwetu, ni mwaka mmoja. Ndiyo maana tawi lililolala chini leo si uchafu wa kufagia ukipata nafasi. Ni kitanda cha watoto, na ukiliacha mpaka mwakani watoto watatoka humo wakupandie tena mtini.

Kwa hiyo ile sehemu ya kwanza ya jina, ambayo niliiona pambo la Kilatini, ilikuwa inanielekeza nyumba ya pili niende nikaulize. Yaliyoandikwa Magharibi juu ya ndugu yake yanatufaa: kwamba ukate na matawi yanayoning'inia, usisubiri yaanguke, kwamba utazame pia misufi na mibuyu iliyo pembezoni, kwa sababu hawa wa ukoo huu huipenda kama wanavyoupenda mkorosho. Kifukusi hana hayo. Kifukusi ni wa ukoo mwingine.

Sasa niseme kuhusu ngeli, maana kwa Mswahili hapa ndipo penye raha yenyewe. Shuleni tulifundishwa kwamba neno lenye ki- mwanzoni huenda na ki-: kiti kimevunjika, kisu kimepotea. Halafu anakuja kipepeo. Hakuna anayesema kipepeo kimetua. Tunasema ametua. Kifaru amekufa, kiboko amezama, kifukusi ametoboa. Wamevaa kanzu ya vitu, lakini lugha iliwapekua ndani ikakuta roho, ikawahamishia kwa wenye uhai. Kanzu waliachiwa, upatanisho ukabadilishwa. Babu zetu walifanya kazi ya Breuning bila darubini.

Kilatini nacho kina upatanisho wake. Mbawakawa mmoja mzuri wa milima ya Ulaya, wa buluu yenye madoa meusi, Linnaeus, yule Msweden aliyeueneza mtindo huu wa majina mawili, alimwita Cerambyx alpinus mwaka 1758. Enzi hizo karibu kila mbawakawa mwenye vipapasio virefu alitupwa humo ndani ya Cerambyx, kama mabibo ndani ya tenga. Baadaye akahamishiwa jenasi Rosalia, na kwa sababu Rosalia ni jina la kike, alpinus ikabidi iwe alpina. Mtu mrefu, kitu kirefu. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kuelezwa zaidi ya hapo. Ni Mwingereza anayepata taabu.

Tena sisi wa kusini tuna mfano wa karibu zaidi, ingawa wengine hawapendi nikiutaja hadharani. Kimila Wamakonde tunahesabu ukoo kwa upande wa mama. Mtoto ni wa mjomba wake. Lakini mkorosho unaishi miaka mingi kuliko mhogo, na baba aliyeupanda huwa anataka umfuate mwanawe, siyo mtoto wa dada yake. Maneno ya hapo yamejaza mabaraza mengi, na yapo ambayo hayajaisha mpaka leo. Mimi mwenyewe shuleni nimeandikishwa kwa jina la baba. Kwenye misiba ya kwetu nahesabiwa upande wa mama, na mjomba ndiye anayesimama. Jina langu mwenyewe, lile nililoitwa siku ya kwanza, halijaguswa. Ni lile la pili la mdudu. Unaweza kumhamisha nyumba tatu, reticulata anabaki reticulata, labda mkia wa neno tu upatanishwe na nyumba mpya.

Mfano wangu unachechemea mahali pamoja, na afadhali niseme mwenyewe kabla hamjaniambia. Ukoo wa watu ni makubaliano. Mkikaa mkaamua vingine, inakuwa hivyo. Mdudu hana baraza. Ama alitoka kwenye shina moja na Analeptes, ama hakutoka, na wala hajali tunamwandikaje. Sisi ndio tunaokisia, na mabano yanaonyesha mahali ambapo mtu alikisia, mwingine akaja akatazama vizuri zaidi.

Kutazama vizuri ndiko kunakochosha. Nilinunua lenzi ya mkono, ile wanayotumia masonara, nikakaa barazani na mkata matawi mmoja aliyekufa kwenye sahani nyeupe. Kabla hajafa alinilalamikia. Ukimshika mgongoni husugua kifua chake na sehemu ya nyuma yake, ikatoka sauti nyembamba, kwii kwii, kama bawaba inayotaka mafuta. Watoto wa jirani walikimbia.

Kwanza macho. Ukisikia mbawakawa wa pembe ndefu usitazame urefu tu, kwa sababu ndani ya familia hii, Cerambycidae, yenye spishi zaidi ya 35,000, wamo wenye vipapasio vifupi kabisa na bado ni wa humo. Tazama vimeota wapi. Kwa huyu wangu jicho limemegwa, limekuwa kama figo, na kipapasio kimetokea kwenye ule mmego, kana kwamba jicho lilisogea kukipisha. Kisha nyayo. Nikahesabu pingili za unyayo: moja, mbili, tatu, na ya mwisho yenye kucha. Nne. Nikahesabu mguu mwingine, nne. Wataalamu wa zamani walihesabu nne vile vile na wakawapanga kwa hesabu hiyo. Lakini ile ya tatu imegawanyika kama kwato, na ukiingiza ncha ya sindano katikati ya kwato hiyo, ukageuzia kwenye mwanga, unakuta kipingili kidogo mno kimejificha mzizini mwa ile yenye kucha. Tano. Ilinichukua karibu saa nzima na chai ikapoa.

Halafu uso. Nusufamilia ya Lamiinae, ambayo mkata matawi yumo, wana uso ulioshuka wima kama ukuta, na vile vipapasio vidogo vya mdomoni huishia na ncha kali. Wenzao wa nusufamilia ya Cerambycinae uso umeinama kwenda mbele, na vya mdomoni huishia butu. Mambo madogo hivi ndiyo yanayoamua. Rangi haitajwi ila mwishoni, tena kwa tahadhari.

Kwa nini tahadhari? Uliza waliopambana na mbawakawa wa Asia, Anoplophora glabripennis, ambaye alikutwa New York mwaka 1996 na Chicago mwaka 1998, akiwa amesafiri ndani ya mbao za makasha ya mizigo kutoka China. Mweusi, madoa meupe. Kule China alikuwako pia Anoplophora nobilis, mweusi, madoa ya manjano, na kwa miaka mingi walihesabiwa wawili. Mwaka 2002 wataalamu wawili wa wadudu, Lingafelter na Hoebeke, waliipitia jenasi nzima upya, wakaona kwamba nobilis ni yule yule glabripennis aliyevaa shati jingine. Jina moja likazama. Ukiwa bandarini na kazi yako ni kuzuia mdudu asiingie, hilo si jambo la Kilatini: kila kilichojulikana kuhusu mmoja, mti anaoula, muda anaokaa ndani, kikawa kimejulikana kuhusu wote, na hakuna tena wa kujitetea kwamba huyu wa madoa ya manjano hayumo kwenye orodha.

Siku hizi wanachukua mguu mmoja wa mdudu wakasoma kipande cha jeni, herufi kama 650, wakalinganisha. Ni msaada mkubwa, hasa kwa funza, ambao wote hufanana kwa mtu mwenye haraka. Kipande hicho kingeniokolea mikorosho miwili. Lakini kipande cha jeni moja nacho ni shahidi mmoja. Na kinahitaji kulinganishwa na mdudu ambaye mtu fulani alishamtambua sawasawa kwa lenzi na sindano. Mwisho wa yote unarudi kwenye kabati la makumbusho, kwa yule mdudu mmoja mkavu ambaye jina lilitolewa juu yake. Mimi humwita sampuli mama. Wote wengine ni kumfananisha na huyo.

Anayedhani haya ni mambo ya wadudu na hayamhusu mtu mzima, aende Lindi. Huko Tendaguru, kati ya mwaka 1909 na 1913, Wajerumani walichimbisha mifupa ya dinosaria, na wapagazi wetu wakaibeba kichwani na mabegani mwendo wa siku kadhaa hadi bandari ya Lindi, zaidi ya tani 200. Mwaka 1914 Janensch, mmoja wa wataalamu wao, alimpa mkubwa wao jina Brachiosaurus brancai, akimweka nyumba moja na dinosaria wa Marekani aliyekwisha kuelezwa mwaka 1903. Mifupa ikasimamishwa Berlin, zaidi ya mita 13 kwenda juu, na dunia nzima ikamjua Brachiosaurus kwa sura ya yule wa Lindi. Mwaka 1988 Gregory Paul akasema huyu wa Afrika hafanani sana na yule wa Marekani, likaja jina Giraffatitan. Mwaka 2009 Michael Taylor akalinganisha mfupa kwa mfupa, na tangu hapo wengi wanamwandika Giraffatitan brancai (Janensch, 1914). Mabano yale yale ya fundi wangu.

Ila kuna mwingine nampenda zaidi. Msimamizi wa wachimbaji pale Tendaguru alikuwa Boheti bin Amrani. Karibu miaka 100 baadaye, mwaka 2007, mtaalamu wa dinosaria aitwaye Remes alitoa jina Australodocus bohetii kwa mifupa ya shingo kutoka huko. Alimweka kwenye ukoo wa kina Diplodocus. Haikupita miaka mingi wengine wakasema hapana, huyu ni wa upande mwingine, wa jamaa za titanosaria. Wakamhamisha ukoo mzima. Na bado haandikwi na mabano, kwa sababu mabano yanahesabu kuhama jenasi tu, na jenasi yake ilihama naye kama mtu anayehama na nyumba yake. Boheti amebaki palepale, mwisho wa jina.

Nirudi nyumbani. Baada ya kusoma hayo yote nilijiona nimekuwa mtaalamu. Nikatoa kopo langu la biskuti, lenye mbawakawa niliowachoma pini tangu nikiwa chuoni, nikawapiga picha na kumtumia rafiki yangu mmoja anayetunza mkusanyiko wa wadudu. Mmoja alikuwa wa ajabu kidogo: umbo la mkata matawi, lakini wavu wa mgongoni ulikuwa umekatikakatika. Nikamwandikia, je, huyu anaweza kuwa mwingine? Jibu lilirudi fupi: "Umempata wapi, lini, kwenye mti gani?"

Nikageuza pini. Kijikaratasi kimeandikwa MTWARA, kwa herufi kubwa, kalamu ya wino iliyochuja. Mkoa mzima. Hakuna mwaka, hakuna mti. Wala sikukumbuka kama nilimtoa Newala, Masasi au nyuma ya bweni. Rafiki yangu hakunisema. Aliandika tu kwamba bila hayo yeye hawezi kumtumia kwa lolote, na kwamba wavu wa mgongoni hutofautiana kati ya mtu na mtu wa spishi moja. Zile nusu mbili za jibu zote ziliniuma. Sisimizi walikuwa wameshamla kichwa wa tatu kwenye safu.

Basi mwaka jana mwezi wa nane nikaamua kufanya kitu kwa utaratibu. Nilikwenda kwa mjomba, nikaokota matawi matano yaliyochongwa, unene wa kifundo cha mkono, nikayafunga kila moja kwenye kipande cha chandarua chakavu na kuyaning'iniza kwenye kibanda anachowekea magunia na bomba la kupulizia. Mjomba aliuliza kama nimeanza kufuga. Nikamwambia ndiyo. Kila moja nikaliandikia karatasi: Tandahimba, tarehe, mkorosho.

Mwezi uliopita alinipigia. "Njoo, watoto wako wametoka."

Kwenye vyandarua vinne walikuwamo mafundi, wanane kwa jumla, wawili wameshakufa. Kwenye cha tano hapakuwa na fundi hata mmoja. Kulikuwa na mbawakawa wadogo, wa kijivu, kama punje mbili za mpunga ukiziunganisha, vipapasio vyao vimepita urefu wa mwili mara mbili. Nikatoa lenzi. Jicho limemegwa. Uso wima. Ni wa familia hiyo hiyo, na nadhani wa nusufamilia hiyo hiyo, wale wanaodandia mbao ambayo mwingine ameshaiua. Jina sikuwa nalo. Nikaanza kuandika karatasi kwa raha zangu, safari hii kwa mwandiko mzuri: Tandahimba, tarehe ya kuokota, tarehe ya kutoka, mkorosho.

Mjomba alikuwa amelishika lile tawi la tano. Akalipima mkononi, akalirusha kidogo juu, akalidaka.

"Umeandika nini hapo?"

"Mkorosho, mjomba."

"Hebu shika."

Nikashika. Lilikuwa jepesi kama boga tupu. Akaniletea moja la yale manne, niweke mkono wa pili.

"Mkorosho ni huo. Huu uliuokota mpakani, siku ile ulipokwenda kusalimia kwa jirani. Ni msufi wa yule bwana."

Nikaichomoa pini, nikaichana karatasi, nikaomba kalamu nyingine maana ya kwangu ilikuwa imeanza kuchuja.